Sarufi ya Midundo: Uchunguzi wa Muundo wa Melamu ya Chenda katika Mahekalu ya Kerala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza muundo wa melamu, yaani upigaji wa pamoja wa ngoma, matoazi, zumari na baragumu unaofanyika katika sikukuu za mahekalu ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Wasikilizaji wageni huielezea melamu kuwa ni makelele yanayozidi kupanda mpaka yakome. Makala yanadai kinyume chake: melamu ni matini yenye sarufi, ambamo kipimo cha mzunguko hupunguzwa kwa nusu awamu baada ya awamu kwa mujibu wa kanuni moja. Aidha, inaoneshwa kwamba wanaoibeba sarufi hiyo hasa ni wapigaji wa safu za nyuma, ambao sifa zao hutajwa kwa nadra. Mwisho, makala yanajadili athari za kufupisha melamu pamoja na mipaka ya mahali, tabaka na jinsia inayoizunguka sanaa hii.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa Kiswahili anayeanza kuchunguza muziki wa jamii nyingine hukabiliwa kwanza na tatizo la istilahi. Neno ngoma katika Kiswahili hubeba maana kadhaa kwa pamoja: ni ala yenyewe, ni uchezaji unaofuata mlio wa ala hiyo, na ni hafla nzima inayowakusanya watu. Wingi huo wa maana ndio uliomwezesha Ranger (1975), alipoichunguza ngoma ya beni, kuandika historia ya jamii za Afrika Mashariki kwa kupitia historia ya ngoma. Katika lugha ya Kimalayalam, ambayo ndiyo lugha ya Kerala, hali ni tofauti. Kila ala ina jina lake. Upigaji wa pamoja una jina lake, melamu. Na uchezaji haumo kabisa katika maana ya neno hilo. Mpigaji wa melamu husimama mahali pake kwa muda wa saa mbili au tatu, ala ikiwa imening'inia begani, wala hachezi. Kwa hiyo kuitafsiri melamu kuwa "ngoma" ni sahihi kwa upande mmoja na ni kupotosha kwa upande mwingine. Makala haya yanalitumia neno melamu kama lilivyo, na neno ngoma linatumiwa kwa maana ya ala tu.

Suala la msingi linaloshughulikiwa hapa ni hili: je, melamu ina muundo unaoweza kuelezwa kwa kanuni, au ni mfululizo wa midundo unaotegemea hamasa ya wapigaji na umati? Swali hili lina uzito wake. Ikiwa jibu ni hamasa tu, basi kuipunguza melamu ya saa tatu iwe ya dakika ishirini kwa ajili ya jukwaa hakudhuru kitu. Lakini ikiwa melamu ina muundo, ufupishaji wa namna hiyo ni sawa na kuichana hadithi na kubakiza ukurasa wa mwisho.

2.0 Ala na Mpangilio Wake

Ala kuu ni chenda. Mzinga wake ni mduara mrefu uliochongwa kwa mti wa mfenesi, na umewambwa ngozi ya ng'ombe pande zote mbili. Chenda huning'inizwa wima kwa mkanda ili uso mmoja uelekee juu. Nyuso hizo mbili hazilingani. Uso uitwao idamtala, yaani "kichwa cha kushoto", una ngozi nyembamba na hutoa sauti kali ya juu. Uso uitwao valamtala, yaani "kichwa cha kulia", una ngozi ya matabaka kadhaa na hutoa sauti nzito ya chini. Hivyo basi, chombo kimoja kina sauti mbili zinazokinzana, na ukinzani huo ndio unaotumiwa kugawa kazi katika melamu.

Melamu ya chenda ina makundi matano ya wapigaji. Kundi la kwanza ni la uruttu chenda. Jina hilo linatokana na kitenzi chenye maana ya kubingirisha, na kwa hakika mikwiro yao huibingirisha midundo na kuipamba juu ya uso mwembamba. Kundi la pili ni la wapigao uso mzito. Hawa hawapambi, bali hutilia mkazo mapigo ya msingi. Kundi la tatu ni la ilatalamu, yaani matoazi mazito ya shaba yanayoshikilia wakati. Kundi la nne ni la kuzhali, zumari fupi yenye mwanzi maradufu, na la tano ni la kombu, baragumu la shaba lililopinda kama mwezi mchanga. Msomaji wa pwani ataona kwamba kuzhali ni ndugu wa karibu wa nzumari. Kombu nayo humkumbusha mtu siwa ya Lamu, ingawa siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni ilhali kombu hupulizwa mwishoni. Aidha, siwa ilikuwa alama ya mamlaka na ikapulizwa peke yake katika shughuli za heshima, ilhali kombu huwa nyingi katika safu moja na kazi yao ni kuijaza midundo.

Mpangilio wa kusimama nao una maana yake. Wapigaji wa uruttu chenda husimama mstari wa mbele, na katikati yao husimama pramani, ambaye ndiye kiongozi. Mbele yao, wakiwaelekea uso kwa uso, husimama wapuliza kuzhali, na nyuma ya hao wapuliza kombu. Nyuma ya mstari wa kiongozi husimama safu za chenda nzito na za matoazi. Kwa hiyo kiongozi anawaona wapulizaji wote kwa macho, lakini wale wanaoshikilia kipimo wako mgongoni pake. Huwajua kwa kuwasikia tu. Jambo hili litarejelewa katika sehemu ya 4.0.

3.0 Kanuni ya Kupunguza kwa Nusu

3.1 Panchari

Aina ya melamu inayoheshimiwa sana kwa ukamilifu wa umbo lake ni panchari. Msingi wake ni mzunguko wa mapigo 6. Hata hivyo, melamu haianzi na mzunguko huo, inaishia nao. Panchari kamili ina awamu tano. (Istilahi ya Kimalayalam kwa awamu inatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya wakati. Kama ingetoholewa, ingefanana kabisa na neno kalamu. Kwa sababu hiyo istilahi awamu imependelewa hapa.) Katika awamu ya kwanza mzunguko mmoja una mapigo 96. Katika ya pili una mapigo 48, katika ya tatu 24, katika ya nne 12, na katika ya tano 6.

Kila awamu huanza kwa mwendo wa taratibu. Mzunguko hurudiwa mara nyingi, na kila unaporudiwa mwendo huongezwa kidogo kidogo mpaka unapofikia upeo wake. Hapo hupigwa kalasamu, yaani kifungu cha kumalizia. Ndipo awamu inayofuata huanza, mzunguko wake ukiwa nusu ya uliotangulia. Awamu ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote na inaweza kuchukua karibu saa nzima peke yake. Panchari kamili huweza kuendelea kwa saa tatu au zaidi.

Katika maelezo haya mambo mawili yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni kipimo, yaani idadi ya mapigo katika mzunguko. La pili ni mwendo, yaani kasi ya mapigo hayo. Anayesikia melamu kwa mara ya kwanza hutambua mwendo tu. Husikia midundo ikiharakishwa, ikapoa ghafla, kisha ikaharakishwa tena. Msikilizaji aliyezoea hutambua vyote viwili: anajua kuwa kupoa kule si uchovu wa wapigaji bali ni mpaka wa awamu, na kwamba kilichoanza upya si kile kile kilichotangulia. Kutoka mapigo 96 mpaka 6, mzunguko umefupishwa mara kumi na sita kwa upande wa kipimo pekee, hata kabla ya kuhesabu ongezeko la mwendo.

3.2 Pandi na Panchavadyamu

Kanuni hii si ya panchari peke yake. Pandi, ambayo ni aina nyingine kuu ya melamu ya chenda, ina msingi wa mapigo 7, na awamu zake zikihesabiwa kutoka mwanzo ni za mapigo 56, 28, 14 na 7. Panchavadyamu, ambalo maana yake ni "ala tano", ni kundi tofauti kabisa: lina ngoma tatu za timila, madalamu na idaka, pamoja na matoazi ya ilatalamu na baragumu za kombu, na upigaji hufunguliwa kwa mlio wa kome la baharini. Chenda haimo. Umbo linalojulikana leo la panchavadyamu lilipangwa upya katika miaka ya 1930, na anayekumbukwa hasa kwa kazi hiyo ni Venkichan Swami wa Thiruvilwamala, mpigaji wa madalamu, akishirikiana na mabingwa wa timila kama Annamanada Achutha Marar. Awamu ya kwanza ya panchavadyamu ina mzunguko wa mapigo 896, unaopunguzwa kwa nusu hatua kwa hatua.

Tarakimu hizo zikichambuliwa, kanuni moja hujitokeza. 96 ni 6 iliyozidishwa kwa mbili mara nne. 56 ni 7 iliyozidishwa kwa mbili mara tatu. 896 ni 7 iliyozidishwa kwa mbili mara saba. Kwa maneno mengine, kila aina ina msingi wake usiogawanyika tena kwa kanuni hiyo, na ina kina chake, yaani idadi ya mara ambazo msingi huo umekuzwa kabla ya melamu kuanza. Wapigaji huanza na umbo lililokuzwa kabisa, kisha hulirudisha kwenye msingi wake hatua kwa hatua. Umbo la ndani, ambalo mwanaisimu angelitaja mwanzoni mwa uchanganuzi wake, msikilizaji hufunuliwa mwishoni.

3.3 Ulinganisho na Arudhi

Ulinganisho na ushairi wa Kiswahili unaweza kulifafanua jambo hili. Katika arudhi iliyoelezwa na Kaluta Amri Abedi (1954), idadi ya mizani ikishawekwa katika ubeti wa kwanza haina budi kudumu mpaka ubeti wa mwisho; mshairi anayeibadilisha huhesabiwa kuwa amekosea. Uzuri umo katika kudumu. Katika melamu kipimo hubadilika, lakini hubadilika kwa sheria: mpigaji haruhusiwi kutoka 96 kwenda 40, wala kuruka kutoka 48 kwenda 12 bila kuivunja panchari. Kwa hiyo tofauti kati ya sanaa hizi mbili si kati ya sheria na uhuru. Zote zina sheria. Moja inatawala usawa wa beti, nyingine inatawala uwiano wa mabadiliko.

4.0 Nani Anayeibeba Melamu?

Sifa za melamu humwendea pramani. Jina lake hutangazwa kabla ya sikukuu, na mashabiki hubishana juu ya uongozi wa huyu na wa yule. Katika Thrissur Pooram, sikukuu ifanyikayo kati ya Aprili na Mei ambayo chanzo chake huhusishwa na Sakthan Thampuran, mtawala wa Cochin kuanzia 1790 hadi 1805, melamu ya Ilanjithara huwakusanya wapigaji zaidi ya 200. Peruvanam Kuttan Marar aliiongoza kuanzia 1999 hadi 2022, na mwaka 2023 uongozi ukashikwa na Kizhakkoot Aniyan Marar. Mabadiliko hayo yalijadiliwa kama vile watu wanavyojadili mabadiliko ya uongozi wa nchi.

Hapana shaka kwamba kiongozi ana kazi kubwa. Ni yeye anayeamua mzunguko urudiwe mara ngapi, mwendo uongezwe lini, na kalasamu ipigwe wakati gani. Hutoa ishara kwa macho, kwa kichwa na kwa mkono. Hata hivyo, katika uchanganuzi wa kimuundo inabainika kwamba maamuzi yake yote ni ya hiari ndani ya mipaka ambayo yeye haiweki. Mipaka hiyo inasikika katika chenda nzito na matoazi ya safu za nyuma. Wao ndio wanaopiga yale mapigo ambayo bila hayo 96 isingehesabika. Kama mpigaji wa mbele akikosea pambo moja, kosa lake hufunikwa na wenziwe. Kama matoazi yakiachana, melamu nzima hupotea. Kwa istilahi za isimu, safu ya mbele hutoa vipengele vya hiari, na safu za nyuma hutoa vipengele vya lazima. Sentensi inaweza kuishi bila kivumishi. Bila kiima na kiarifu haiishi. Na kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 2.0, vipengele hivyo vya lazima viko mgongoni pa kiongozi, ambaye hulazimika kuviamini bila kuviona.

Kundi lingine linalosahauliwa ni wasikilizaji. Mashabiki wa melamu husimama karibu na wapigaji, huhesabu mapigo kwa vidole na kwa viganja, na kalasamu inapokaribia huinua mikono yao juu kwa pamoja na kuipunga kufuata mapigo. Tendo hilo ni uthibitisho kuwa kanuni iliyoelezwa hapa si ubunifu wa mchanganuzi. Maelfu ya watu wasiopiga ala yoyote huweza kuinua mkono kwa wakati mmoja kwa sababu tu wanajua pigo lijalo litaangukia wapi. Huo ndio umilisi, kwa maana ile ile inayotumika katika isimu: ujuzi wa kanuni alionao mtu hata pale asipoweza kuzieleza.

5.0 Mdomo Kabla ya Mkono

Ujuzi huo hupatikana kwa njia ya mdomo. Mwanafunzi wa ngoma za kusini mwa India hufundishwa kila pigo kwa silabi yake, kama vile ta, ki, na na dhim, na mafungu ya mapigo huwa mafungu ya silabi: takita kwa mapigo matatu, takadimi kwa manne. Katika Kimalayalam silabi hizo huitwa vaitari, jina lenye neno "kinywa" ndani yake. Mwanafunzi wa chenda hapewi chenda siku ya kwanza. Hupewa mkwiro wa mti mzito na kipande cha jiwe au gogo, naye hupiga juu yake huku akitamka silabi mpaka mkono wake utii kinywa chake. Akishahitimu hupigishwa chenda hadharani kwa mara ya kwanza, na siku hiyo ni kubwa katika maisha yake.

Kwa mwanaisimu jambo hili ni muhimu. Linaonesha kuwa midundo hii huhifadhiwa katika mfumo wa sauti za lugha kabla haijahifadhiwa mikononi. Pia linaeleza kwa nini matini za saa tatu zimeweza kurithishwa bila maandishi: anayekumbuka si mkono pekee. Mafunzo ya namna hii yalikuwa ya nyumbani na ya hekaluni, kutoka baba kwenda kwa mwana. Kuasisiwa kwa Kerala Kalamandalam mwaka 1930, kwa juhudi za mshairi Vallathol Narayana Menon na Mukunda Raja, kulianza kuyaingiza darasani, ambamo chenda na madalamu hufundishwa hasa kwa ajili ya tamthilia ya kathakali.

6.0 Mahali, Tabaka na Jinsia

Pingamizi moja linaweza kutolewa dhidi ya hoja ya sarufi. Lugha ina maana, midundo haina. Pingamizi hilo lina ukweli, na makala haya hayadai kwamba melamu inasema sentensi. Hata hivyo, uteuzi wa aina ya melamu hubeba taarifa. Kwa desturi panchari hupigwa ndani ya kuta za hekalu, na pandi hupigwa nje. Mtu aliye mbali, asiyeona maandamano wala ndovu, huweza kujua kwa kuhesabu sita au saba kama sanamu ya mungu ingali ndani au imekwisha kutolewa. Katika mfumo huo melamu ya Ilanjithara ni umbo la pekee: ni pandi, lakini hupigwa ndani ya ua wa hekalu la Vadakkunnathan, chini ya mti wa ilanji. Ni kwa sababu kanuni inajulikana na wote ndipo ukiukaji wake huhesabiwa kuwa heshima badala ya kosa.

Lakini ukuta huo wa hekalu uligawa watu pia, si midundo tu. Upigaji wa ndani ulikuwa wajibu na haki ya matabaka maalumu, hasa Marar na Poduval, na tabaka za chini hazikuruhusiwa hata kuingia. Tangazo la tarehe 12 Novemba 1936 katika dola ya Travancore liliwafungulia Wahindu wote milango ya mahekalu ya serikali, ila ruhusa ya kuingia haikuwa ruhusa ya kupiga. Njeralath Rama Poduval (1916–1996), mwimbaji wa nyimbo za ngazi za hekalu zinazoandamana na idaka, anakumbukwa kwa kuitoa sanaa hiyo nje na kuwaimbia watu wa kila namna. Katika miongo ya karibuni wanawake nao wameunda vikundi vya chenda, hasa katika shinkari melamu, aina mpya na nyepesi inayopigwa barabarani, jukwaani na katika sherehe.

Hapa ndipo penye ugumu. Nje ya ukuta kuna uhuru wa kuingia, lakini pia kuna haraka. Jukwaa huhitaji muda mfupi, na kinachopendwa ni kilele. Melamu inapofupishwa, kinachokatwa kwanza ni awamu ndefu ya mwanzo. Kwa mujibu wa uchanganuzi uliotolewa hapa, msikilizaji ambaye hakupitishwa katika 96, 48, 24 na 12 hawezi kuisikia 6 kuwa ni mwisho wa safari. Kwake ni kasi tu, na kasi haitofautiani na makelele. Lawama hii lakini isielekezwe kwa wapigaji wapya. Haielekei kuwa haki kumfungia mtu awamu ya kwanza kwa karne nyingi, kisha kumlaumu kwamba anaanzia ya tano. Ikiwa sarufi hii inastahili kuhifadhiwa, njia yake ni kuwafundisha vaitari za awamu zote wale wote wanaotaka kujifunza, wa ndani na wa nje.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba melamu ya chenda ina muundo unaoelezeka kwa kanuni chache: msingi wa mapigo, kina cha ukuzaji, upunguzaji kwa nusu, na kalasamu kama alama ya mpaka. Imeoneshwa pia kuwa kanuni hizo hubebwa na safu za nyuma, hujulikana na wasikilizaji, na hurithishwa kwa kinywa. Waswahili husema ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Methali hiyo inaihusu ngoma inayovuma bila kipimo. Chenda za Kerala huvuma kupita kiasi cha masikio ya mgeni, lakini hazipasuki, kwa sababu kila mpigaji anajua tangu pigo la kwanza ni wapi pa kukomea. Watafiti wa fasihi simulizi na wa ngoma za Afrika Mashariki wanaweza kufaidika kwa kuuliza, juu ya kila ngoma wanayoichunguza, maswali mawili yaliyoulizwa hapa: kipimo chake hubadilika kwa sheria gani, na ni nani aliye nyuma anayekishikilia?